Obama, watoto wa shule na sentensi moja kwenye andalio la somo

Nianzie hapa nyumbani ndo niende Marekani, maana kisa chenyewe nimekikumbuka kwa sababu ya mama mmoja na mwanae wa kidato cha pili.

Nafundisha shule moja hapa Tabora mjini, jina naliacha. Ikaja taarifa kwamba kuna kiongozi mkubwa atapita barabara ya pale kwetu na huenda akasimama kusalimia, kwahiyo wanafunzi watolewe wajipange tangu saa tatu asubuhi. Kwetu hilo sio geni, kila aliyesoma shule ya msingi nchi hii ameshasimama juani na kibendera cha karatasi akisubiri msafara, mimi nikiwa darasa la nne tulisimama mpaka saa nane mchana, mwenzetu mmoja akadondoka kwa njaa, na magari yalipofika tukaona vumbi na mkono mmoja dirishani, basi, imeisha hiyo. Sasa huyu mama akaingia ofisini, kajitanda kanga yake, kasalimia mmoja mmoja, wazee kawapa shikamoo zao, alafu akauliza kitu kimoja tu: "Samahanini walimu wangu, huyo mgeni atawaambia nini watoto?"

Kimya. Mwalimu wa zamu akajibu jibu la mwalimu wa zamu, kwamba atazungumzia mambo ya elimu. Mama akasema haya, basi naomba wangu abaki darasani, kesho wana jaribio la hesabu. Akaaga akaondoka.

Hajafika hata getini ofisi ikawaka. Mmoja anasema huyu tunamjua ni wa chama kile, mwingine anasema muacheni mzazi ana haki, madam wa Kiswahili anacheka tu. Mzee wetu wa Historia, ambaye kabakiza muda kidogo astaafu na akiongea wote tunanyamaza, akavua miwani: "Kiongozi wa nchi aje aongee na watoto, alafu mzazi umfiche mtoto wako? Wapi duniani mmeona kitu hicho?"

Nikamwambia Mzee wangu, mimi nimeona, Marekani, mwaka 2009.

Narudia hapa nilichowaeleza, kwa mpangilio kidogo, maana pale nilikuwa nakatizwa kila dakika.

Obama aliapishwa Januari 2009. Mnaikumbuka hiyo miaka, huku kwetu vinyozi walikuwa na picha zake ukutani na kanga za sura yake zilivaliwa mpaka vijijini, mtu alikuwa hajui hata mbunge wake ila Obama anamjua. Agosti 13 mwaka huohuo akahojiwa Ikulu na mwandishi wa habari mtoto, dogo wa miaka 11 kutoka Florida, na humo ndani Obama akasema kabisa kwamba Septemba 8 atatoa hotuba kubwa kwa wanafunzi wa nchi nzima kuhusu umuhimu wa elimu. Wakati huo hakuna aliyepiga kelele. Zingatieni hilo, maana wengi wanaosimulia kisa hiki wanaanzia kwenye kelele.

Agosti 26 Waziri wa Elimu, Arne Duncan, akawaandikia barua wakuu wa shule: Rais ataongea, itarushwa laivu, mkitaka waonyesheni watoto. Kwenye tovuti ya wizara zikawekwa na kazi za kufanya darasani kabla ya hotuba, wakati wa hotuba na baada yake, kwa watoto wadogo na kwa wakubwa. Mwalimu yeyote wa hapa angeona lile karatasi angesema hili ni andalio la somo, halina ujanja mwingine. Na kati ya zile kazi za watoto wadogo kulikuwa na moja inayosema wanafunzi wajiandikie wenyewe barua kuhusu nini wanaweza kufanya ili kumsaidia rais.

Kumsaidia rais. Hapo ndo penyewe.

Ukisoma mpaka mwisho unaona mwandishi alikuwa na wazo la kawaida la darasani, yaani barua zikusanywe, mwalimu azitunze, baadae awarudishie watoto wajipime kama wametimiza malengo yao. Walimu wengi tumeshafanya zoezi kama hilo. Ila wewe fikiria ni mzazi uliyempigia kura mpinzani wake, John McCain, miezi kumi tu nyuma, mtoto wako wa miaka minane anarudi nyumbani anakwambia leo tumeandika jinsi ya kumsaidia rais. Utauliza, kumsaidia kwenye nini? Kwenye hisabati au kwenye bima ya afya? Na mahali pengine palikuwa na swali la kuwauliza watoto kwa nini ni muhimu kumsikiliza rais na viongozi wengine waliochaguliwa, kama meya, maseneta na magavana. Hilo mimi sioni ubaya wake, ila likisomwa na mtu ambaye tayari kakasirika linazidi kumkasirisha.

Na watu walikuwa wamekasirika kweli. Agosti ile wabunge wao walikuwa wamerudi majimboni na mikutano ya hadhara ilikuwa haikaliki kwa sababu ya mpango wa Obama wa bima ya afya, watu wanazomea, wabunge wanashindwa kumaliza sentensi. Kwahiyo ile barua ya wizara ilidondokea kwenye majani makavu.

Septemba 1 mwenyekiti wa Republican, chama cha McCain, jimbo la Florida, Jim Greer, akatoa taarifa kwamba ameshtushwa na pesa za walipa kodi kutumika kusambaza itikadi ya kijamaa ya Rais Obama kwa watoto. Ujamaa! Mzee wa Historia aliposikia hapo akaguna, maana yeye ujamaa kaufundisha, kauimba na kaulimia shamba la shule, na hapa unapewa kama tusi. Ila kule neno hilo lina uzito mwingine kabisa, ukimwita mwanasiasa mjamaa ni kama umesema anataka kuwanyang'anya watu nyumba zao. Oklahoma seneta mmoja wa jimbo, Steve Russell, akasema mambo kama hayo unategemea kuyaona Korea Kaskazini au Iraq ya Saddam Hussein. Redioni na kwenye TV ikawa ndo wimbo wa wiki nzima, kwamba watoto wanataka kutiwa kasumba.

Wakati wote huo hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameiona hotuba. Ilikuwa haijatoka! Walikuwa wanapigania karatasi ya mazoezi.

Wizara ikarekebisha ile sentensi, ikawa wanafunzi wajiandikie barua kuhusu namna ya kufikia malengo yao ya muda mfupi na ya muda mrefu kwenye elimu. Duncan mwenyewe akakiri maneno ya kwanza hayakukaa vizuri. Ila neno likishatoka ndo limetoka hilo. Simu zilishaanza kupigwa mashuleni.

Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho ofisini ilibidi nikieleze mara mbili, kwa sababu sisi tukisikia wizara tunafikiria wizara yetu. Hapa mtaala unatungwa na TET, mtihani unatungwa na NECTA, waraka ukishuka kutoka juu unafika mpaka shule ya kijijini kabisa huko Sikonge na mkuu wa shule anaubandika ukutani. Marekani haiko hivyo. Katiba yao haijataja elimu hata mara moja, kazi hiyo ni ya majimbo, na majimbo nayo yameishusha kwenye wilaya za shule, ambazo ziko maelfu, na nyingi zina bodi iliyopigiwa kura na wananchi wa palepale. Pesa nyingi zinatoka jimboni na kwenye kodi za majengo na viwanja vya watu wa eneo hilo. Wizara ya Elimu ya taifa yenyewe ni ya juzijuzi, sheria ya kuianzisha ni ya 1979, na ndani ya sheria hiyohiyo imekatazwa kusimamia mtaala wa shule. Kwahiyo rais kuhutubia ni sawa, ila wizara ya taifa kushusha andalio la somo, hata kama imesema ni hiari, ni kama baba mwenye nyumba kuingia jikoni kwako kukuonyesha namna ya kusonga ugali. Anaweza akawa anajua kusonga vizuri tu, ila utamuuliza nani kakuita.

Ndo maana majibu yalikuwa tofauti kila kona. Zipo wilaya zilizoonyesha laivu. Zipo zilizosema tutarekodi kwanza, tutazame wenyewe, tukiridhika ndo watoto waone. Nyingine zilimwachia kila mwalimu aamue, nyingine zikaruhusu mzazi asiyetaka mwanae apewe kazi nyingine chumba kingine, na nyingine zikagoma kabisa, Texas, Illinois, Minnesota, Missouri, hata Virginia kwenyewe ambako hotuba ilikuwa itolewe. Na wapo wazazi waliosema siku hiyo mtoto haendi shule. Duncan alipoulizwa kuhusu hao wa kumbakiza mtoto nyumbani alisema huo ni upuuzi, mtoto si anaweza kwenda shule na asiiangalie tu. Kwa hilo nipo na yeye.

Jumatatu ya Septemba 7, ambayo kwao ni sikukuu ya wafanyakazi, Ikulu ikaitoa hotuba yote kwa maandishi, siku moja kabla. Watu wakasoma. Na hapo ndo moto ukapungua, tena haraka kuliko ulivyowaka. Newt Gingrich, mwanasiasa mkongwe wa Republican ambaye hakuwahi kuwa rafiki wa Democrat, chama cha Obama, hata siku moja, akaisifia. Laura Bush, mke wa rais aliyetoka, mwalimu na mkutubi kwa taaluma yake, akasema ni muhimu rais aongee na watoto wa shule. Na yule Greer wa Florida? Alipoisoma akasema ni hotuba nzuri na wanae ataruhusu waiangalie. Yaani wiki nzima ya kelele, alafu karatasi moja. (Huyu bwana baadae alipatikana na kesi ya pesa za chama chake, akakiri na akafungwa, ila hiyo ni hadithi nyingine na haina uhusiano, nimeisema tu kwa sababu madam wa Kiswahili alifurahi sana kuisikia.)

Jumanne Septemba 8, saa sita mchana kwao, huku kwetu ni saa moja usiku, Obama akasimama Wakefield High School, Arlington, Virginia, ng'ambo tu ya mto kutoka Washington. Kabla ya hotuba alikaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakamuuliza maswali. Mmoja akamuuliza angependa kula chakula cha jioni na nani, awe hai au marehemu, akasema Gandhi, alafu akatania kwamba ingekuwa mlo mdogo maana Gandhi hakuwa mlaji. Mwingine alitaka ushauri wa mtu anayetaka kuwa rais, akaambiwa awe makini na anachoweka Facebook. Mwaka 2009 huo! Mimi hilo peke yake ningeliandika ubaoni.

Hotuba yenyewe haikufika dakika ishirini, na ukiisoma leo utajiuliza watu walikuwa wanaogopa nini. Alisimulia alivyokuwa anaishi Indonesia, mama yake hakuwa na uwezo wa kumpeleka shule walikosoma watoto wa Kimarekani, kwahiyo akawa anamwamsha saa kumi na nusu alfajiri kumfundisha mwenyewe, na mtoto akilalamika usingizi mama anamjibu na mimi pia hii sio pikiniki. Akasema baba yake aliondoka yeye akiwa na miaka miwili. Akasema serikali inaweza kuweka viwango vya juu kiasi gani na walimu bora kiasi gani, ila mwanafunzi asipotimiza wajibu wake yote hayo ni bure. Akataja kwamba kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilikataliwa mara kumi na mbili kabla ya kuchapishwa na kwamba Michael Jordan aliwahi kuachwa kwenye timu ya shule. Akawakumbusha wanawe mikono, maana ulikuwa mwaka wa mafua ya nguruwe. Na akasema ukiacha shule hujiangushi mwenyewe tu, unaiangusha na nchi yako.

Hiyo hotuba mkuu wa shule yoyote hapa Tabora anaitoa kila Jumatatu paredi, ikikosekana Michael Jordan tu.

Mzee akaingilia hapo, akasema basi jambo liko wazi, ni ubaguzi wa rangi, wasingemfanyia hivyo rais mzungu. Ofisi nzima ikatikisa kichwa. Mimi hilo nalikubali nusu. Kwamba kuna waliokasirika kwa sababu ya rangi na jina lake, mtu akikataa hilo atakuwa haijui Marekani. Ila kuna nusu nyingine inayoharibu hesabu, nayo ni ya mwaka 1991.

Oktoba 1, 1991, George Bush baba, Republican, mzungu kama maziwa, alienda Alice Deal Junior High School palepale Washington, akaongea na wanafunzi na ikarushwa nchi nzima. Ujumbe uleule, someni, msiache shule, msidanganyike na madawa. Na sikilizeni hii: mwishoni Bush akawaomba wanafunzi wamwandikie barua wamweleze namna wanavyoweza kusaidia kufikia malengo. Barua! Ya kusaidia! Na safari hii haikuwa kwenye karatasi ya mazoezi ya wizara, ilitoka mdomoni mwa rais mwenyewe.

Nani alipiga kelele? Democrat. Richard Gephardt, kiongozi wa walio wengi Baraza la Wawakilishi, alisema wizara ya elimu haipaswi kutengeneza matangazo ya kisiasa ya rais kwa pesa ya serikali. Uchaguzi ulikuwa unakuja 1992, kwahiyo hoja yao kidogo ilikuwa na miguu. Wakaitisha uchunguzi, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikapekua, ikakuta wizara imelipa dola 26,750 kwa watengenezaji wa matangazo na hakuna sheria iliyovunjwa. Na nyuma zaidi, Novemba 1988, Reagan naye aliongea na wanafunzi kupitia TV akiwa anakaribia kuondoka madarakani, na katikati ya maneno ya historia ya nchi akachomekea na sifa za kupunguza kodi. Wa kodi huyo ndo kasogea kwenye siasa kuliko wote watatu, na ndo aliyepita kimyakimya.

Sa weka 1991 na 2009 pamoja. Waliosema 1991 ni propaganda, 2009 wanasema ni rais tu anawapa watoto moyo. Waliosema 1991 ni rais tu anawapa watoto moyo, 2009 wanasema Korea Kaskazini. Wamebadilishana viti kama kwenye ule mchezo wa watoto, muziki ukizima kila mmoja anakaa palipo wazi. Ndo maana nikimsikia mtu anasema anapinga kwa msingi, huwa namuuliza msingi huo alikuwa ameuweka wapi chama chake kilipokuwa madarakani.

Ila sitaki kumalizia kwa kusema wote wanafiki, kwa sababu yule mzazi wa kawaida wa Texas hakuwa Greer na hakuwa Gephardt. Yeye aliuliza atasema nini kwa mwanangu na naweza kuona kabla, na swali hilo lilijibika kwa karatasi moja siku moja kabla. Wangeiweka hotuba hadharani sambamba na barua ya Agosti 26, na wakamwonyesha lile andalio mwalimu mmoja tu wa darasa la tatu mwenye akili timamu akaifuta ile sentensi kwa peni nyekundu, sidhani kama leo tungekuwa na kisa cha kuchambua. Mwaka uliofuata, Septemba 14, 2010, Obama alihutubia tena wanafunzi akiwa Masterman, shule ya Philadelphia, maneno ya hotuba yakatolewa mapema, na zile kelele hazikurudi. Rais ni yuleyule, rangi ileile, na siku hizo uchaguzi wa Bunge ulikuwa umebaki kama miezi miwili tu.

Kwetu ugumu ni kwamba hatuna hata mazoea ya kuliuliza hilo swali. Rais wetu wa kwanza tunamwita Mwalimu, na hiyo kazi ya ualimu aliifanya hapahapa Tabora, St. Mary's, baada ya kusoma Tabora School, kwahiyo kiongozi akiingia darasani sisi tunaona karudi kazini. Alafu kizazi cha Mzee kimesoma chini ya chama kimoja, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na matawi mashuleni, hapakuwa na mstari kati ya shule na chama wa kusema huu umevukwa. Vyama vingi vimerudi 1992 ila kwenye paredi bado tunaendesha kama zamani, mzazi akiuliza swali anapewa kadi ya chama kabla hajapewa jibu. Yule mama mpaka leo sijui anampigia kura nani na sijaona inasaidia nini kujua.

Kiongozi alipita siku ile kwenye saa saba hivi, hakusimama. Kidato cha pili mmoja alikuwa darasani peke yake na daftari la hesabu.

Nilipomaliza kuwasimulia, Mzee alikaa kimya kidogo, akavaa miwani yake, akaangalia saa ya ukutani. Akaniuliza hotuba ya Obama ilikuwa dakika ngapi vile? Nikamwambia haifiki ishirini. Akachukua chaki zake akasimama: "Ya kwako imekula kipindi changu kizima, na karatasi hukutupa kabla."